Koti la Mtoto Nyanda za Juu: ya Kufanya na ya Kuacha

Kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini hakimbembelezi mtu. Juni mpaka Agosti, Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na saa saba mchana wa siku hiyohiyo jua likakupiga mpaka ukavua sweta. Iringa baridi yake ni ya upepo. Inakuingia mbavuni hata siku ambayo kipimajoto hakisemi kitu cha kutisha. Makete na Kitulo ndiyo usiseme: huko kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu.

Mtu mzima anajitetea. Mwanafunzi ana sweta la shule. Anayeteseka ni huyu wa mwaka mmoja hadi mitatu, aliyeanza kushuka mgongoni lakini hajui kusema koti linambana wapi, na ambaye kipimo chake hakikai hata miezi sita. Masharti haya yanamhusu mama yake, baba yake, bibi yake, na dada wa kazi anayemvalisha asubuhi. Someni wote.

Usinunue la "atakua humo"

Mwezi wa tano, soko la Mwanjelwa, Mbeya, belo la nguo za baridi za watoto limefunguliwa na wanawake wameinama juu ya lundo. Muuzaji amesimama juu ya meza, ananing'iniza koti la mtoto wa miaka mitano mbele ya mama mwenye mtoto wa mwaka na nusu. "Chukua, mama, hili atalivaa mpaka chekechea." Mama anamtazama mtoto, anatazama koti, anauliza kama bei haipungui, analipa.

Wiki hiyohiyo mtazame huyo mtoto akicheza nje. Viganja vimepotelea ndani, mabega ya koti yameshuka karibu na viwiko, pindo linapigapiga magoti. Akijikwaa anaanguka kwa uso, maana mikono ya kumkinga imefungwa ndani ya mikono ya koti. Na joto lenyewe hana. Kinachompa mtu joto ni ile hewa iliyotulia kati ya nguo na ngozi. Koti pana huitoa hewa hiyo nje kila mtoto anapopiga hatua na kuvuta ndani ile inayoshuka kutoka mlima Loleza. Chekechea akiifikia, zipu itakuwa imekufa na viwiko vimetoboka. Umelipia miaka mitatu, mtoto hajavaa koti la kumtosha hata mwaka mmoja.

Mpime kwa sentimita, si kwa umri

Mvue viatu, msimamishe ameegemea fremu ya mlango, weka kitabu kichwani kikiwa sawa, piga alama kwa penseli, pima kwa futi ya fundi. Andika namba hiyo kwenye simu. Ndiyo namba utakayokwenda nayo sokoni.

Sasa soma lebo, kitu ambacho wengi hawakifanyi. Nguo nyingi za mitumba kutoka bara la Ulaya zina namba 80, 86, 92, 98, 104. Hizo si bei wala si siri ya kiwanda. Ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Za China mara nyingi huandikwa 90, 100, 110, nazo ni sentimita vilevile. Za Uingereza huandikwa miezi na miaka, za Marekani 2T, 3T, 4T. Hizo zinataja umri, na umri haumvishi mtu: watoto wawili waliozaliwa wiki moja Kihesa, Iringa, wanaweza kupishana kimo kwa kipimo kizima.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mtoto wa mwaka mmoja anakuwa na sentimita 75 hivi, wa miaka miwili 87, wa mitatu 96. Kwa hiyo mwaka wa pili anapanda sentimita 12, wa tatu 9. Fanya hesabu. Mtoto mwenye sentimita 85 mwezi wa tano mnunulie 92. Agosti atakuwa na 87 au 88, na koti bado lina nafasi ya sweta. Juni inayofuata atakuwa amefika 95 na koti limemaliza kazi yake kwa heshima. Kununua 98 ni tamaa. Kununua 104 ni yale ya chekechea niliyokwisha kuyasema.

Kwa sababu hiyohiyo, usinunue koti mwezi wa kumi kwa ajili ya Juni. Nunua Aprili au Mei mapema, kabla baridi haijawa habari ya mji mzima na wauzaji hawajajua kwamba huna pa kukimbilia.

Nenda na mtoto. Ukishindwa, nenda na fulana yake

Ukienda naye, mvalishe koti juu ya sweta atakalolivaa ndani, si juu ya fulana. Mwinue mikono yote miwili: tumbo likionekana, koti ni fupi. Mchuchumaze: likimbana kwapani au likimkaba shingoni, liache. Mkono wa koti uishie kwenye kifundo cha mkono. Kuukunja mara moja kunaruhusiwa, mara mbili ni koti la mtu mwingine. Asipokuwepo, laza fulana yake inayomtosha juu ya koti, bega kwa bega. Koti lipite fulana kwa vidole viwili kila upande. Muuzaji akikuharakisha, mwachie nguo yake.

Mvalishe tatu nyembamba, usimvalishe moja nene

Hapa ndipo wazazi wa Mbeya wanapokosea kuliko wa mahali pengine popote, na kosa linatokana na asubuhi. Saa kumi na mbili baridi inatisha, basi mtoto anafungwa ndani ya jaketi moja nene lililojazwa, lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Kanada au Norwei. Ndani yake ana vesti tu. Saa tano jua limekolea. Ukimvua anabaki na vesti, ukimwacha anatoka jasho. Mwisho anaachwa. Jasho linalowesha vesti, jioni upepo unarudi, na mtoto anakaa na kitambaa chenye majimaji kifuani.

Ya ndani iwe fulana ya pamba yenye mikono mirefu, inayobana kidogo, kavu. Ya kati iwe sweta la sufu, au lile la kitambaa laini chenye manyoya mafupi kama ya blanketi. Hilo la pili lina faida kwamba ukilikamua jioni, asubuhi linavalika. Ya juu iwe jaketi jepesi lisilopitisha upepo. Jua likipanda unavua ya juu, kisha ya kati. Jioni unarudisha. Kwa bei ya jaketi moja la theluji, mara nyingi unapata hizi zote tatu na chenji ya soksi.

Sweta la pamba nene, hasa lile lenye kofia ambalo vijana wanalipenda, usilitegemee kwa mtoto. Pamba ikilowa inashika maji, na hapo haizuii tena baridi.

Mvue

Hili nimelitenga makusudi. Kumvalisha mtoto kila mtu anajua, kumvua ndiko kunakosahaulika. Usimguse mikono kujua kama ana baridi. Mikono na pua za watoto hupoa hata mtoto akiwa sawa kabisa. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, vua kimoja. Pakiwa pa baridi, ongeza. Dada wa kazi aelekezwe jambo hili kwa vitendo, shingo ya mtoto ikiwa mbele yake. Kumwachia agizo la "asitolewe sweta" halafu ukaondoka mpaka jioni si malezi.

Ndani ya nyumba na wakati wa kulala, boshori itoke. Kichwa ndicho kinachompunguzia mtoto joto anapozidiwa, na kofia inayoteleza usingizini hufunika pua.

Jua unakaa wapi

Nyanda za Juu si mahali pamoja. Mzazi wa Iringa atafute kwanza kinachozuia upepo: shikilia kitambaa mdomoni, puliza, ukiusikia upepo upande wa pili rudisha. Wa Mbeya mjini, Uyole na Mbalizi atafute kinachovulika upesi, maana siku moja ina majira mawili. Wa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka inazidi milimita 2,000, asahau urembo na atafute kinachokauka. Pale sweta zito likifuliwa Jumatatu usilitarajie Jumanne, kwa hiyo mawili mepesi ni bora kuliko moja la fahari. Wa Mafinga, Njombe na Makete, yote matatu, pamoja na suruali mbili.

Mzazi wa Dar es Salaam anayekuja likizo ya Juni na mtoto mwenye kaptula, akidhani ataazima, afahamu kwamba wenyeji nao wana watoto.

Kagua mtumba kama unavyokagua mchele

Vuta kamba zote za shingoni na za kofia ya koti, uzitoe, uzitupe. Kamba hizo hunasa kwenye misumari, kwenye geti, kwenye mlango wa daladala, na zimekwisha kunyonga watoto. Marekani walitoa mwongozo wa kuziondoa kwenye nguo za watoto mwaka 1996. Ila belo halina tarehe, na koti la zamani linakuja na kamba yake. Skafu ni hivyohivyo. Mtoto wa umri huu hahitaji skafu, ana shingo fupi na kola inatosha.

Vuta kila kifungo. Kinachocheza kikazwe au kikatwe, maana kesho kiko mdomoni. Pandisha na kushusha zipu mara kadhaa, uangalie kama ina ulimi wa kitambaa wa kukinga kidevu. Pekua mifuko yote, tena mpaka ndani.

Nguo za ndani za mitumba achana nazo kabisa. Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku, na fulana inayogusa ngozi ya mtoto heri iwe mpya, hata ya bei ya chini. Zilizobaki zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe juani, zipigwe pasi ndani na nje, kwenye mishono hasa, isipokuwa zile ambazo lebo inakataa pasi. Mtoto asilivae koti siku linaponunuliwa, hata kama analililia. Hasa kama analililia.

Usimpashe moto kwa jiko

Chomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani wa lile sweta laini, uushike kwa koleo, uuwashe kiberiti. Uzi wa sufu unanuka nywele zilizoungua na unazimika wenyewe ukiondoa moto. Uzi wa polista unayeyuka, unadondosha tone jeusi, na tone hilo likipoa ni gumu kama plastiki. Sasa fikiria tone hilo juu ya mkono wa mtoto. Nguo nyingi laini za mitumba ni polista, na jikoni kwetu moto uko chini, mahali ambapo mtoto anafika. Mtoto aliyevaa polista na jiko la mkaa wasikae chumba kimoja bila mtu mzima kati yao. Ukipika kwa kuni, mvalishe sufu au usimruhusu jikoni.

Na jiko lenyewe lisiingie chumba cha kulala. Halina cha "limeshakolea, halina moshi". Hata mkaa uliokolea unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichozibwa madirisha kwa ajili ya baridi kinaijaza haraka. Familia nzima inalala na haiamki. Usiku wa baridi ongeza soksi, ongeza blanketi, mlaze katikati ya watu wawili ikiwa ametimiza mwaka na hakuna kati yao aliyekunywa pombe. Nguo zilizolowa nazo zisikaushwe juu ya jiko hilo chumbani. Zikose kukauka.

Mbeleko ina kanuni zake

Mtazame mtoto aliyebebwa mgongoni asubuhi kwenye njia ya sokoni Iringa. Juu amefunikwa blanketi, kitenge, sweta, boshori. Chini, kwa kuwa miguu imetanuliwa kumzunguka mama, suruali imepanda mpaka chini ya goti, soksi imeshuka mpaka kwenye kisigino, na katikati kuna ngozi tupu ya miundi inayopigwa na upepo kuanzia nyumbani mpaka wanakokwenda. Mama haioni kwa sababu iko nyuma yake. Mvalishe suruali ndefu kuliko kipimo, yenye lastiki kwenye vifundo, au soksi zinazofika magotini. Hapa, na hapa tu, nakubali nguo iliyozidi.

Jaketi nene lisiingie ndani ya mbeleko. Linateleza, linapunguza mshiko, na mtoto anashuka taratibu mpaka anakaa vibaya. Mbebe akiwa na sweta, kisha koti lako au blanketi lipite juu yenu wote. Pua iwe nje, siku zote.

Usimpeleke kliniki kwa bodaboda saa moja asubuhi

Upepo unaokupata kwenye pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hakuna sweta la kufuma linaloweza kuuzuia. Wala usimkalishe mbele ya dereva kama kinga ya upepo ya dereva; nimeyaona hayo, na aliyevaa jaketi la ngozi ni dereva. Subiri jua, panda daladala au bajaji. Kwenye gari dogo, mvue koti nene kabla ya kumfunga mkanda, umfunge, kisha umfunike nalo. Mkanda uliofungwa juu ya koti lililojaa umefunga hewa.

Ovaroli ya theluji na poti haviendani

Zinakuja nyingi kwenye mabelo, nzuri, zenye dubu kifuani, kuanzia kidevu mpaka unyayo. Kwa mtoto wa pampasi zinavumilika. Kwa mtoto wa miaka miwili anayefundishwa poti ni adhabu: akisema "kojo" una sekunde chache, na zipu, vifungo na ulimi wa kinga vinachukua zaidi. Suruali ya lastiki kiunoni na koti fupi. Basi.

Rangi: usimnunulie kijivu

Wala bluu ya giza, wala kaki. Barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, pale Isyonje, ukungu wa asubuhi unaficha lori zima. Nyumba nyingi ziko hatua chache kutoka lami. Nyekundu, njano, chungwa. Atachafuka, ndiyo, utafua.

Viatu

Simamisha mguu wake juu ya karatasi ngumu, chora, kata, ingiza ndani ya kiatu. Mbele ibaki sentimita moja. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Mabuti ya mpira ni ya matope na mvua tu, na lazima yawe na soksi kavu. Mtoto anayeshinda nayo kutwa anashinda na miguu iliyolowa jasho. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni baridi zaidi kuliko soksi moja ndani ya kiatu kinachotosha.

Mtafute anayefuma

Sweta la kufumwa na mtu unayemjua lina jambo ambalo mtumba hauna: linaongezwa. Mwambie aanzie juu, kutoka shingoni kushuka, ili mwakani mikono na pindo vifumuliwe mwisho na kuendelezwa kwa uzi mwingine. Asifanye ncha za mikono ngumu; zikunjwe mara moja, ndefu. Shingo iwe na vifungo viwili begani, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko unavyokumbuka. Fundi cherehani naye anaweza kuacha sentimita 4 za akiba ndani ya upindo wa suruali. Waambie mapema, na ulipe vizuri.

Koti lisipobana, nenda kliniki

Kila mzazi ananung'unika kwamba koti la mwaka jana halimtoshi mtoto. Anung'unike kwa furaha. Anayepaswa kushtuka ni yule ambaye koti la Juni iliyopita, lililonunuliwa kwa kipimo, Juni hii bado linamkaa vizuri. Mtoto wa umri huu ambaye mikono yake haijatoka nje ya koti katika miezi 12 hajatunza nguo, hajakua.

Na hili kwetu si la kubahatisha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe nusu hivi, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha wengine mahindi, viazi na maharage. Tumbo la mtoto linaweza kujaa ugali kila siku na mwili ukakosa cha kujengea mfupa: yai, maziwa, dagaa, mboga, matunda. Fedha iliyobaki baada ya kununua kipimo sahihi badala ya jaketi la fahari inatosha trei ya mayai. Chukua kadi ya kliniki, tazama mstari wa uzito unakwenda wapi, omba apimwe urefu pia na si uzito peke yake. Ukiambiwa "ni mfupi kwa sababu baba ni mfupi", omba apimwe hivyohivyo.

Likishamwacha, litoke ndani ya nyumba

Koti la mtoto halitunzwi kabatini kusubiri mdogo wake ambaye hajatungwa mimba. Panya na unyevu watalimaliza kabla yake. Lifue, kaza vifungo, badilisha zipu kama imeanza kugoma, andika urefu wake kwa kalamu ya wino kwenye lebo iliyofutika, ulipeleke kwa jirani mwenye mtoto mdogo kwa sentimita sita hivi. Mpelekee mwezi wa tano. Usisubiri Agosti.